Msikiti Uliotangulia Waumini Wake

Kwa kawaida watu ndio hutangulia, msikiti ukafuata. Mtaa ukishajaa, wazee hubaki nyuma baada ya swala ya Isha, mmoja akatoa kiwanja kiwe wakfu, mwingine akaahidi mabati, fundi akajitolea siku zake, na Ijumaa ya kwanza maamuma wanajuana kwa majina na kwa nyumba. Msikiti wa Shah Jahan ulioko Woking, Uingereza, ulikwenda kinyume na desturi hiyo. Ulisimama mwaka 1889 katika mji usio na mtaa hata mmoja wa Waislamu. Aliyeujenga hakuwa Mwislamu. Aliyetoa fedha alikuwa mwanamke mtawala wa India ya kati ambaye hakuvuka bahari kuuona. Waumini wa kuujaza walifika takriban miaka 70 baadaye, nao hawakuja kwa ajili yake. Walikuja kutafuta kazi.

Ni vigumu kuandika historia ya msikiti wa namna hiyo bila kuvutwa na majina makubwa, na majina makubwa hapa yapo tele: mabwana wa Kiingereza waliosilimu, wafasiri wa Kurani, mabalozi, hata sultani aliyepinduliwa. Sitawaruka. Ila nakiri mapema kwamba moyo wangu uko upande wa wale waliokuja mwisho.

Woking ni mji wa pembezoni, kama kilomita 40 kusini-magharibi ya London, kwenye njia ya reli inayotoka stesheni ya Waterloo. Treni ilifika mwaka 1838 wakati eneo lote lilikuwa nyika ya vichaka na mchanga. Kilicholeta watu baada ya hapo ni maiti. Makaburi ya London yalikuwa yamefurika, na kampuni ya mazishi ikanunua maelfu ya ekari za nyika hiyo, ikafungua makaburi ya Brookwood mwaka 1854. Maiti wakawa wanasafirishwa kwa treni yao wenyewe, kwa madaraja tofauti ya nauli kama abiria walio hai. Ardhi iliyozidi kampuni iliiuza, na mji ukaota juu ya viwanja hivyo. Kati ya walionunua walikuwamo wafadhili waliotaka kujenga makazi ya waigizaji wa jukwaani waliozeeka. Jengo lao la matofali lilifunguliwa katika miaka ya 1860, likafilisika mwaka 1877, likabaki gofu la kifahari kando ya reli.

Hapo ndipo anapoingia Gottlieb Wilhelm Leitner. Alizaliwa Pest, Hungaria, mwaka 1840, katika familia ya Kiyahudi. Lugha alizipata utotoni kama wenzake wanavyopata homa: akiwa na miaka 15 alikuwa mkalimani wa jeshi la Waingereza katika vita vya Crimea, na kabla hajatimiza miaka 25 alikuwa profesa wa Kiarabu na sheria za Kiislamu katika King's College, London. Mwaka 1864 akapelekwa Lahore kuongoza Government College, na huko akapigania kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Punjab, kilichozaliwa mwaka 1882. Aliporudi Ulaya alikuwa na makasha ya vitabu, sanamu na hati za kale, na wazo moja: kuwe na chuo Uingereza ambamo Mhindi anaweza kusoma bila kuacha dini yake mlangoni, na Mzungu anayekwenda kutawala India ajifunze lugha za watu kabla hajaondoka. Akalinunua jengo la waigizaji, akaliita Oriental Institute.

Chuo cha namna hiyo kilihitaji mahali pa kuswalia. Fedha zilitoka kwa Nawab Shah Jahan Begum, aliyeitawala Bhopal tangu 1868 hadi kufa kwake mwaka 1901. Alikuwa wa tatu katika mlolongo wa wanawake wanne waliopokezana utawala wa dola hiyo ya Kiislamu, na mpenzi mkubwa wa kujenga. Nyumbani kwake alianzisha Taj-ul-Masajid, miongoni mwa misikiti mikubwa kuliko yote India, akafa haujakwisha. Kazi ilikuja kumalizika mwaka 1985. Mchango wake wa pembeni, ule wa nchi ya baridi, ndio aliojaliwa kuusikia umekamilika. Nyumba ya kuishi iliyo ubavuni mwa msikiti ilijengwa kwa kumbukumbu ya Sir Salar Jung, aliyekuwa waziri mkuu wa Hyderabad.

Mchoraji wa ramani, William Isaac Chambers, alipata msaada wa vitabu vya michoro ya majengo ya Kiarabu na Kihindi, na kilichotoka ni kitu kidogo kinachojibeba kwa heshima. Uso wake una lango refu katikati lenye tao, na ubawa mmoja kila upande. Juu kuna kuba la rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani, lenye umbo la kitunguu, na ncha yake imebeba mwezi mwandamo uliotiwa dhahabu. Mawe ni ya Bath na Bargate, yaani mawe yale yale ya makanisa na nyumba za matajiri wa kusini mwa Uingereza. Umbo tu ndilo lililosafiri. Ndani ni chumba kimoja cha mraba. Waswaliji 60 hivi wakisimama safu, pamejaa.

Liverpool nako, mwaka huo huo wa 1889, wakili aliyesilimu, Abdullah Quilliam, alikuwa akigeuza nyumba ya kawaida kuwa msikiti wa kundi lake. Kwa hiyo ubishi wa nani alitangulia haufi. Linaloweza kusemwa bila kuyumba ni kwamba Woking ndio msikiti wa kwanza Uingereza kujengwa kuanzia msingi ukiwa msikiti. Quilliam alikuwa na waumini bila jengo la kueleweka, Leitner alikuwa na jengo bila waumini. Wanafunzi wachache, wageni wa kupita, na watumishi wa Kihindi wa Malkia Victoria walipokuwa Windsor, hao ndio waliosikika humo wakisema amina.

Leitner alifariki mwaka 1899. Akazikwa Brookwood, chuo kikafa pamoja naye, na msikiti ukafungwa.

Kabla haujafungwa, jirani mmoja alikuwa ameshaubomoa, kwenye karatasi. H. G. Wells alihamia Woking mwaka 1895, akawa anazunguka na baiskeli huku akipanga mitaa ipi aiteketeze. Katika The War of the Worlds, iliyotoka kama kitabu mwaka 1898, viumbe kutoka sayari ya Mars wanatua katika nyika ya Horsell, na miongoni mwa vitu vya mwanzo kupigwa ni chuo cha Leitner na kilele cha msikiti. Sijui msikiti mwingine ulioingia katika riwaya maarufu ya Kiingereza mapema hivyo, wala uliovunjwa ndani yake haraka hivyo.

Ufunguo ulipatikana tena mwaka 1913. Khwaja Kamal-ud-Din, wakili wa Lahore, alifika Uingereza mwaka uliotangulia, akasikia kuna msikiti umefungwa kando ya reli na kwamba mali ya Leitner inauzwa na warithi. Yeye na Waislamu wenye sauti London, akiwamo jaji Syed Ameer Ali, walihakikisha msikiti na nyumba yake vinawekwa chini ya wadhamini. Kamal-ud-Din akahamia, akaanzisha Woking Muslim Mission na jarida lililokuja kuitwa The Islamic Review. Jengo lilikuwa dogo, lakini jarida lilisafiri: lilisomwa India, Malaya, Afrika Magharibi, na kila palipokuwa na Mwislamu anayejua Kiingereza na kiu ya kusikia dini yake ikitetewa kwa lugha ya mtawala.

Pana jambo hapa ambalo vijitabu vingi vya sherehe hulipita kwa kunyata. Kamal-ud-Din alikuwa mfuasi wa Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, yaani Mwahmadiyya, na wafuasi hao walipogawanyika mwaka 1914 yeye alikuwa upande wa Lahore. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Anaikumbuka tafsiri ya Kurani ya Kiswahili iliyotolewa na Waahmadiyya mwaka 1953, na namna Sheikh Abdullah Saleh Farsy alivyoijibu hadi tafsiri yake mwenyewe ilipokamilika mwaka 1969. Lakini Woking ya miaka ile haikuwa uwanja wa mabishano hayo. Kamal-ud-Din aliacha tofauti za madhehebu nje ya mlango, na Masunni na Mashia walisimama safu moja kwa kuwa msikiti wenyewe wa kwenda ulikuwa huo. Uhaba nao una hekima yake.

Mwezi Novemba 1913 Lord Headley, mhandisi na mjumbe wa tabaka la makabaila, alitangaza amesilimu. Magazeti yalimshangaa. Mwaka uliofuata akawa rais wa British Muslim Society, na mwaka 1923 akaenda Makka kuhiji. Naye Marmaduke Pickthall, mwandishi wa riwaya, mtoto wa kasisi, alitangaza Uislamu wake mwaka 1917, akawahi kukaimu uimamu, kisha akaenda India na kurudi na tafsiri ya Kurani ya mwaka 1930 ambayo hadi leo iko kwenye rafu za misikiti mingi ya Mombasa na Dar es Salaam.

Lakini kipimo cha kwanza cha kweli kwa msikiti huu hakikuwa kusilimu kwa lodi. Kilikuwa vita.

Mwishoni mwa 1914 majeruhi wa Kihindi kutoka mahandaki ya Ufaransa walianza kuletwa pwani ya kusini, na kasri la zamani la kifalme Brighton likageuzwa kuwa hospitali yao. Wahindu na Masingasinga waliokufa walichomwa juu ya vilima vilivyo karibu na mji huo, kwa taratibu zao. Waislamu walipelekwa Woking, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na imamu. Wakati huo huo dola ya Uthmaniyya ilikuwa imetangaza jihadi dhidi ya Waingereza, na Wajerumani walikuwa wakieneza habari kwamba askari Waislamu wanaoifia Uingereza hawazikwi kidini. London ilihofia maneno hayo yasifike Punjab. Maulvi Sadr-ud-Din, aliyeshika uimamu Kamal-ud-Din alipokuwa safarini, aliona mwanya, akaibana serikali: kama mnataka kuwanyamazisha, toeni ardhi ya heshima.

Ikatolewa, kwenye nyika ya Horsell, mwendo mfupi tu kutoka msikitini. Makaburi yalijengwa kati ya 1915 na 1917, yakazungushiwa ukuta wa matofali wenye matao, na lango lenye kuba dogo linalofanana na la msikiti. Askari waliteremshwa humo kwa sanda, kibla kikiwa kimeangaliwa, imamu akiongoza swala ya jeneza huku kikosi cha Kiingereza kikisubiri zamu yake ya kufyatua risasi za heshima. Propaganda ndiyo iliyofungua mfuko, sina haja ya kulipamba hilo. Ila kwa mama aliyeketi Jhelum au Rawalpindi akijiuliza mwanawe kaoshwa na nani, lililokuwa na maana ni kwamba kaoshwa.

Askari 27 walilazwa hapo, wa vita vya kwanza na vya pili kwa pamoja. Baadaye nyika ikawa uwanja wa wahuni, ukuta na mawe vikaharibiwa, na mwishoni mwa miaka ya 1960 mabaki yao yakahamishiwa makaburi ya kijeshi ya Brookwood. Ua ule ulibaki mtupu kwa miongo kadhaa. Ukakarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2015 kama bustani ya amani, ikiwa na miti 27 ya mbetula kutoka Himalaya, mmoja kwa kila askari.

Kati ya vita vile viwili Woking ulikuwa msikiti wa Idi zaidi ya kuwa msikiti wa kila siku. Mara mbili kwa mwaka mabehewa kutoka Waterloo yalishusha wanafunzi, wafanyabiashara, mabaharia, maafisa wa balozi, na wanawake wa Kiingereza waliovaa kofia za majani. Hema lilisimamishwa kwenye majani kwa sababu chumba cha Begum kisingewatosha. Mikeka ilitandikwa nje, viatu vikapangwa kwenye umande, na baada ya hotuba watu wakala wali kwa mchuzi wa Kihindi. Wapiga filamu za habari walilipenda tukio hilo, na picha zao bado zipo: makoti mazito, tarbushi, vilemba, pumzi zikionekana kama moshi. Jioni treni iliwarudisha wote mjini. Kesho yake, Alfajiri, sijui safu ilikuwa ya watu wangapi. Nadhani imamu aliweza kuwahesabu bila kutumia mkono wa pili.

London nayo ilikuwa inaamka. Headley alikwenda Hyderabad akarudi na pauni 60,000 za Nizam, mtawala wa huko, kwa ajili ya msikiti wa jiji kuu, mfuko ambao matunda yake ya mbali ni msikiti wa Regent's Park uliokamilika mwaka 1977. East London Mosque ulifunguliwa mwaka 1941. Kila msikiti mpya uliifanya safari ya Woking ipungukiwe na sababu. Kama mambo yangeendelea hivyo, nafikiri leo tungekuwa tunazungumzia kijumba cha makumbusho chenye mlinzi na tiketi.

Kilichouokoa ni bwawa. Pakistan ilijenga bwawa la Mangla katika miaka ya 1960, na maji yakameza vijiji vya wilaya ya Mirpur, Kashmir. Zaidi ya watu 100,000 walihamishwa. Vijana wengi wa Mirpur walikuwa wameshaanza kwenda Uingereza kufanya kazi, na bwawa likaongeza mkondo. Kundi lao moja lilitia nanga Woking na mitaa ya jirani kama Maybury. Kwanza walikuja wanaume peke yao, wakikaa wengi nyumba moja, wakipishana kwa zamu za kiwandani. Wake na watoto wakafuata. Hawakuwa na habari za Leitner. Walikuta msikiti uko pale, umejengwa kwa fedha za Begum, mlango wazi, kana kwamba ulikuwa unawangoja.

Ndipo kwa mara ya kwanza msikiti ukapata mtaa. Sasa kuna mtoto wa kuadhiniwa sikioni, mzee wa kuzuru hospitali, ndoa ya kufungishwa Jumapili, mgogoro wa ndugu wa kusuluhishwa, na safu ya Alfajiri yenye harufu ya mafuta ya mashine. Pamoja na mtaa yakaja madai ya mtaa. Watu wale walikuwa Masunni, na walitaka imamu wao. Uongozi ulihama kutoka mikononi mwa watu wa Lahore katika muongo huo, kwa mvutano ambao kila upande unausimulia kivyake. Sioni faida ya kuupangia mshindi. Miaka michache baadaye, 1974, Pakistan iliweka katika katiba yake kwamba Waahmadiyya si Waislamu, na mlango wa kurudi nyuma ukafungwa. Ni haki tu kusema kwamba bila hao waliotolewa, pengine kusingekuwa na msikiti wa kugombania.

Aliyesimama katika daraja hilo la mpito ana uhusiano na kwetu. Hafiz Bashir Ahmad Misri alizaliwa India mwaka 1914, akahamia Afrika Mashariki mwaka 1941 na kukaa huku miaka 20, akiwa mwalimu mkuu wa sekondari. Alilelewa Qadian, akaachana na jumuiya hiyo, na mwaka 1964 akawa imamu wa kwanza wa Kisunni Woking, hadi 1968. Baadaye alipata jina kwa jambo jingine kabisa: alikuwa miongoni mwa Waislamu wa mwanzo kuandika kwa kina juu ya haki za wanyama katika Uislamu, na juu ya ukatili wa mashamba ya kisasa ya kuku na ng'ombe. Historia za Woking humpa mstari mmoja. Anastahili kitabu.

Mtu akitaka kujua msikiti huu umegusa nani, aende Brookwood. Sehemu ya Waislamu huko ni ya tangu zama za Leitner. Pickthall yuko hapo, na si mbali naye yuko Abdullah Yusuf Ali, mfasiri mwingine wa Kurani kwa Kiingereza, aliyefariki mwaka 1953 akiwa mpweke na mnyonge London. Wafasiri wawili ambao wasomaji wao hawaachi kubishana nani bora, wamelala udongo mmoja. Quilliam wa Liverpool yuko hapo pia. Naji al-Ali, mchora vibonzo wa Kipalestina aliyepigwa risasi London mwaka 1987. Msanifu Zaha Hadid, tangu 2016. Na Sayyid Said bin Taimur, sultani wa Oman aliyepinduliwa na mwanawe mwaka 1970, alizikwa hapo mwaka 1972 kabla mabaki yake hayajarudishwa Muscat. Waomani wengi wenye asili ya Unguja na Pemba waliorudi Oman baada ya 1970, mwanawe Qaboos alipowafungulia mlango, hawajui kwamba yule aliyekuwa ameufunga alipumzishwa kwanza katika nyika ya Surrey.

Leo chuo cha Leitner hakipo. Jengo lake lilikuja kuwa kiwanda cha ndege wakati wa vita vya kwanza, kisha kiwanda cha bidhaa za mpira na vizibio vya mashine, kisha likabomolewa, na mahali pake pana maduka makubwa yenye uwanja wa magari. Msikiti na nyumba ya Salar Jung ndivyo vilivyobaki, nyuma ya misonobari, katika barabara ambayo bado inaitwa Oriental Road. Mwezi Machi 2018 serikali iliupandisha daraja la juu kabisa la ulinzi wa majengo ya kihistoria, daraja ambalo hakuna msikiti mwingine Uingereza uliokuwa umelifikia.

Heshima hiyo ina gharama zake. Jengo la daraja hilo halipigwi msumari bila kibali, halivunjwi ukuta kupanua safu, na rangi ya kuba ni suala la wataalamu. Wajukuu wa watu wa Mirpur hawatoshi katika chumba cha Begum na hawakutosha tangu zamani, kwa hiyo kumbi kubwa zaidi zimetengenezwa ubavuni, ndani ya ua huo huo, na huko ndiko swala ya Ijumaa inakoenea. Msikiti wa zamani unaendelea kuswaliwa. Wanafunzi wa shule huletwa kwa makundi kuuona, huvua viatu, huuliza maswali yale yale kuhusu mihrabu na mwezi wa dhahabu, na mara nyingi anayewajibu ni kijana ambaye babu yake aliingia hapo kwa mara ya kwanza akitoka zamu ya usiku.